Nati ya Katapila la Mitwero

Spana iliteleza tena, na Sipriani akajigonga vidole kwenye chuma. Alinyonya damu, akatema, akalala tena chali chini ya katapila.

Kilichomsumbua ni nati moja tu, ile ya kumwagia oili chini ya tumbo la injini. Aliyeikaza mara ya mwisho aliikaza kama mwenye kisasi, na wote waliojaribu kuifungua waliila pembe zake mpaka ikawa laini kama kokoto ya ufukweni.

"Siliwashi na tope hilo tumboni," nyapara Klementi alikuwa amesema kabla ya kupanda lori. "Injini isiyo na oili safi hujitafuna, na sisi katapila letu ni hili moja. Mvua ziko mlangoni. Likiwa zima kesho, barabara tunainyoosha hapahapa Mitwero. Likitushinda, Bwana Mkubwa wa barabara anaipitisha kule juu, kwenye njia ya zamani. Mimi naenda Lindi kuleta fundi mwenye gesi ya kukatia chuma. Ukiwahi kuifungua kabla hatujarudi, ufundi mkuu ni wako."

"Na huyo wa gesi, ataiweza?"

"Kwa gesi? Hata ingekuwa imelaaniwa."

Hapahapa Mitwero maana yake shamba la Bi Kazija: minazi, mihogo, na nyuma ya mihogo makaburi ya mumewe na wanawe wawili, yaliyozungushiwa mawe ya matumbawe.

Tangu katapila lifike, watu wa Mitwero hawakumsemesha Sipriani. Alikuwa Mmakonde wa kutoka bara, hana ndugu pale, na akifika kisimani mazungumzo yalikatika. Bi Kazija peke yake ndiye aliyemjali. Alimletea chakula, akamtania: "Mmakonde gani wewe hujichongei hata mke wa kukaa naye?"

Mchana ule alikuja na bakuli la muhogo wa nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Bado?"

"Bado."

"Alhamdulillahi!" Aliketi juu ya gogo. "Mie naiombea dua hiyo nati yako. Isifunguke mpaka mvua inyeshe. Wewe lala hapo chini ugonge gonge, nani atajua?"

"Fundi mwingine yuko njiani, bibi. Ana gesi."

"Basi aifungue yeye! Usiwe mkono uliokula kwangu."

Sipriani alifungua kinywa. Mpishi wa kambi alikuwa amekaa kivulini karibu yao, akimenya vitunguu polepole mno, na lolote alilosikia lilimfikia Klementi. Sipriani alifunga kinywa. Akaokota tindo na nyundo.

Bi Kazija alilitazama tindo lile. Kisha akachukua bakuli lake, muhogo ukiwa haujaguswa, akaondoka.

Sipriani alitia mafuta ya taa kuizunguka nati, akayaacha yapenye. Alichimba pengo ukingoni mwake kwa tindo, halafu akalilaza tindo upande wa kufungulia, akagonga. Jasho lilimwingia machoni. Nati haikutikisika. Akaongeza mafuta, akagonga tena.

Bi Kazija alipita mbele ya katapila na ufagio, akienda kufagia makaburi.

"Shikamoo, bibi!" Sipriani aliita kutoka chini.

Nyayo hazikusimama. Marahaba haikuja. Tangu azaliwe Sipriani hakuwahi kuona shikamoo ikianguka chini namna ile, ikakosa wa kuiokota. Alilaza shavu mchangani kidogo. Halafu akaishika nyundo kwa mikono miwili.

Pigo moja, nati ikalia. La pili, ikazunguka.

Oili ilimwagika nyeusi, nzito, ikatapakaa mchangani.

"Imefunguka!" mpishi alipiga kelele, akatupa kisu. "Fundi mkuu huyo! Leo tunakula kuku!" Akakimbilia barabarani kulisubiri lori, awe wa kwanza kumpa Klementi habari njema.

Kule nyuma ya mihogo, ufagio ulinyamaza. Bi Kazija aliketi katikati ya makaburi, akajifunika uso kwa kanga.

Sipriani alisubiri tone la mwisho lidondoke. Kisha, tundu likiwa bado wazi, alipanda kitini, akawasha injini, akasukuma wenzo wa mafuta mpaka mwisho. Bi Kazija aliusikia mngurumo ule, akanyoosha mikono juu kumlaani. Na Sipriani, akimtazama kwa mbali, hakuondoa mkono wake mpaka chuma kiliposaga chuma, na injini ikanyamaza moja kwa moja.