Mama Yangu Mlangoni

"Hodi!"

Sauti ilikuwa ya mama, nje ya mlango. Lakini mama alikuwa jikoni mbele yangu, akikuna nazi.

Siku hizi picha ikipendwa na watu wengi, yeyote anaruhusiwa kumvaa aliyechorwa, sura na sauti. Mimi nilianza kwa kuchora waimbaji na wacheza sinema kwenye kuta za vinyozi. Mwaka huu nilimchora mama vilevile, kama nyota wa bango, na jiji zima likampenda.

Nikafungua. Mama mwingine alisimama pale, mwanafunzi aliyemvaa, amebeba vitabu vya chuo. Mkono wangu ndio ulioeneza uzuri ule.

"Kaka Shekue, nimekuja kumwona mwenyewe," alisema. Mama alipotoka jikoni, mgeni akainama. "Shikamoo, mama."

Mama akamtazama weee. "Nikiitika marahaba, si nitakuwa nimejiamkia?"

Tukacheka sote. Kisha mama akanishika mkono, kicheko kimemwisha.

"Shekue, siku nikifa, utajua yupi wa kuzika?"

Nikatazama barabarani. Mwenye sura ya mama alikuwa akivuka kwenda sokoni, na mwingine akimfuata, wote wakipendeza.

"Nitakuzika wewe, mama," nikasema. "Wewe mwenyewe."