Kidole Kisichogusa Shanga

Je, umewahi kuishiwa sauti katikati ya sala? Mimi yalinikuta asubuhi moja mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wetu wa kike wa neema, kabla hatujafungua duka letu la ushonaji.

Kila siku naitaja mantra yake, maneno matakatifu ya kumwita, mara mia na nane nikihesabu kwa uzi wa shanga, nikiomba riziki na utulivu wa moyo. Miaka arobaini sijawahi kuiachia njiani. Nilipofika ushanga wa sitini, kikohozi kikanikaba.

Mke wa mwanangu akaweka mkasi chini, akavua viatu, akaupokea uzi wa shanga mkononi mwangu. "Om Shrim Mahalakshmiyei Namaha," akaendelea taratibu.

Nikamkazia macho vidoleni. Katika sala hii kidole cha shahada hakigusi shanga, na hapo ndipo wengi hukosea. Chake, chenye alama za sindano, kilisimama pembeni kimetulia mpaka ushanga wa mwisho. Kifua changu kikajaa fahari.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe, mama. Miaka tisa nakutazama."

"Nami nikadhani unatazama cherehani tu."

"Cherehani naijua hata nikifumba macho." Akanirudishia uzi wa shanga. "Mama, tangu nilipoolewa nilitaka uniite nikae hapa, kando yako, tusali pamoja."