Soko la Ndege Arobaini

"Injini ikizimika huko juu," Madamu Gahongayire aliuliza kwa mara ya tatu, "wewe huwa umekaa kiti kipi?"

Nkusi alitabasamu kama alivyofundishwa kwenye semina ya wauzaji. Akamweleza kwamba injini ya Korongo haizimiki. Na hata ikizimika, jambo ambalo halitokei, ndege huteleza hewani taratibu mpaka chini. Hakuna ndege, alisema, iliyowahi kubaki juu. Yeye mwenyewe hukaa mbele, kando ya rubani, kila safari ya maonyesho.

"Kila safari," mama huyo alirudia, akaandika kwenye daftari lake.

Nkusi aliliona lile daftari, moyo ukamtulia. Mtu asiye na nia ya kununua haandiki.

Na alihitaji kutulizwa. Miaka miwili nyuma, kiwanda cha Ulaya kilichounda Korongo, ndege mpya ya abiria tisa yenye injini moja ya tabopropu, ile ya kuzungusha pangaboi puani, kilimteua kuwa wakala wake Kigali, kikamtaka aandike ripoti ya matarajio ya soko. Nkusi, aliyekulia na kusomea Kampala, alifanya utafiti wa kina: alikaa na ramani Jumamosi na Jumapili, akahesabu viwanja vya nyasi, akaongeza maziwa, mbuga na milima, akapata ndege arobaini katika miaka kumi. Kiwandani walifurahi mno. Hakuna aliyeuliza ni mlima upi ulioagiza ndege.

Tangu hapo hakuuza hata tairi. Sasa ilikuwa imefika barua yenye adabu ya kutisha: kabla Juni haijaisha waonyeshwe mteja mmoja wa kweli, la sivyo ofisi ifungwe. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja mtaa wa Kabeza, juu ya duka la fundi cherehani Usumani. Mkewe Nkusi, Ikirezi, alikuwa na mimba ya pili, na alikuwa ameshaacha kuuliza habari za kazi. Hilo lilimtisha kuliko barua.

Aliyemleta Madamu ni Usumani. Siku ya kupimwa suti, Nkusi alikuwa amemwambia fundi huyo kwamba Korongo tisa zimeshauzwa na wanunuzi wengine wako kwenye foleni. Usumani, mtu wa kuamini, akawasimulia wateja wake wote.

"Kuna mama mmoja namshonea, mtu mzito, wana ofisi ya ghorofa sita mjini," alimwambia Nkusi. "Nimemweleza habari zako. Anataka kukufahamu."

Nkusi hakusikia kitu baada ya ghorofa sita.

Kwa wiki tatu alimbembeleza. Alimkaribisha mgahawani Gisimenti kwa brosheti, mishikaki ya mbuzi; Madamu akala mboga, akamsihi kwa upole apunguze chumvi. Akaulizia afya ya baba yake Nkusi, kisha ya mama yake, kama mtu aliyelelewa vizuri. Alilelewa Tanzania, na Kiswahili chake kilimfanya Nkusi akionee aibu kile chake cha Kampala. Akataka kujua watoto ni wangapi, na Ikirezi anafanya kazi gani. Nkusi aliporudi nyumbani alimwelewesha mkewe kwamba hiyo ndiyo biashara ya siku hizi: wakubwa hawanunui ndege, wananunua mtu. Ikirezi alimtazama, akaendelea kukunja nguo za mtoto.

Ndege ya maonyesho ilipotua uwanja wa Kanombe, Madamu alikataa kuipanda.

"Panda wewe," alisema. "Mimi niko hapa, nakuangalia."

Nkusi akapanda. Kitu kimoja hakukiandika kwenye ripoti: aliiogopa ile ndege kupita kiasi. Alizungushwa angani dakika ishirini akiwa amefumba macho na kukamata mkanda, akashuka, akatangaza kwamba ni sawa na kukaa sebuleni. Madamu alimshika mkono, juu kidogo ya kiganja, akaushikilia kwa muda huku macho yake yakiwa kwenye saa. Nkusi akajua ana haraka ya kutia saini.

Jumatatu iliyofuata Madamu alipiga simu. Alikuwa amezungumza na wakubwa zake. Mwanzoni walisita kwa sababu ya hiyo injini moja, lakini alimtetea Nkusi kwa nguvu zote, na wamekubali. Angekuja na karatasi saa nne.

Nkusi aliketi sakafuni. Baadaye aliinuka, akaandika barua pepe kiwandani kwamba mteja wa kwanza amepatikana na wengine wako njiani. Jibu lilirudi baada ya dakika tano, lenye pongezi nyingi na ombi kwamba makadirio ya soko yapandishwe hadi ndege themanini. Akampigia Ikirezi. Ikirezi akalia kidogo, na Nkusi akagundua kwamba naye analia.

Saa nne kamili Madamu Gahongayire aliingia, akafuta vumbi kwenye kiti, akakaa, akapanga karatasi nne mezani. Nkusi alikuwa ameshafungua kalamu alipoyaona maandishi makubwa juu ya ukurasa wa kwanza: OMBI LA BIMA YA MAISHA.

"Tuanze na lililo rahisi, Bwana Nkusi," alisema Madamu. "Ukifa, tumlipe nani?"