Gego la Muuguzi

Muuguzi alipocheka, daktari wa meno aliona kinywani mwake kofia ya jino ambayo hakuivalisha yeye.

Ilikuwa kwenye gego la chini, upande wa kushoto. Gego hilo lilipopasuka miezi minane iliyopita, alilichonga mwenyewe na kulivalisha kofia lisije likavunjika kabisa. Kazi yake aliijua. Hii ilikuwa ya mtu mwingine, tena imekaa sawasawa, kana kwamba jino limeota hivyo.

"Funga mdomo, nzi wataingia," alitania.

Muuguzi aliendelea kucheka, akammiminia chai. Nusu kikombe, kama alivyozoea siku hizi.

Miaka ishirini na miwili walikuwa wamefanya kazi pamoja. Siku alipofiwa na mkewe, ni muuguzi huyu aliyepokea wageni hadi wa mwisho. Funguo za kliniki alikuwa nazo yeye. Leo jino lake analipeleka kwingine!

Mchana, muuguzi alipoaga kwenda kula, daktari alimfuata kwa mbali. Alimwona akipita maduka ya vitambaa, akikata kona kwenye duka la miwani, akipanda ngazi za jengo la duka hilo. Ghorofa ya pili kulikuwa na mlango wa kioo usio na kibao.

Ndani, kwenye benchi, walikaa fundi cherehani, seremala na mke wa seremala. Wote walikuwa wagonjwa wake. Fundi cherehani alijifunika uso kwa gazeti.

"Shikamoo, daktari," seremala alisema, kama mtoto aliyekutwa na kidole kwenye sukari.

Daktari alimpita. Alisukuma mlango wa pili.

Aliyeinama juu ya kiti cha mgonjwa alikuwa binti yake. Kando yake alisimama muuguzi, ameshika mrija wa kunyonya mate.

Binti huyu, daktari alimfundisha kazi mwenyewe, akamtengea na chumba katika kliniki. Mwaka juzi binti alikuja na mkoba begani akasema, "Baba, nimepata kazi hospitali kubwa. Naomba uniruhusu." Alimruhusu, akamsindikiza na vifaa vyake bora kabisa. Na sasa vifaa vyenyewe ndivyo hivyo, vimepangwa kwenye sinia.

"Kumbe ni nyinyi," daktari alisema. "Ungeniomba kliniki yote ningekupa, mwanangu. Ya nini kuninyang'anya wagonjwa mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma? Na wewe, dada, ndiwe unayewaleta?"

"Ndimi," muuguzi alijibu, macho chini.

"Miaka yote hiyo nakuita dada!"

Muuguzi alianza kulia. Mrija ulinyonya hewa, ukapiga kelele, na hakuna aliyeuzima.

"Mnawaambia nini watu? Kwamba mzee amechoka?"

"Hatuwaambii kitu, baba."

"Basi kwa nini wananikimbia?"

Binti alimtazama mgonjwa aliyekuwa kitini. Alikuwa mwalimu mstaafu, shavu moja limekufa ganzi. Jana tu alitoka kwa daktari na kofia mpya, akimshukuru hadi mlangoni, akimwita fundi wa mafundi. Sasa kofia hiyo ilikuwa kwenye kisahani, imeng'olewa.

Mwalimu alijaribu kusema neno, ulimi ukamwia mzito. Akafumba macho.

"Mwalimu naye!" daktari alisema. "Nani amebaki?"

Binti alivua glavu, akaja kusimama mbele yake.

"Hakuna aliyekukimbia, baba," alisema taratibu. "Tangu mikono yako ianze kutetemeka, wote wanaanza kwako, usije ukajua. Halafu wanakuja hapa, niirudie kazi yako."