Nungunungu na Kura ya Paa la Shule

Basi wajukuu zangu, paa la shule ya msituni lilivuja hata vifaranga wa Mama Kanga wakawa wanasoma wamelowa. Wanyama wakajipanga mistari miwili kupiga kura: wanaokubali kijiji kikope fedha za kulitengeneza, kisha wote walipe kila mavuno, wasimame huku; wanaokataa, kule. Mistari ikalingana. Akabaki Nungunungu, ambaye hulala mchana kutwa. Mama Kanga akamfuata shimoni.

"Mimi sina mtoto, mama. Nilipie nini?"

"Hulazimishwi, baba. Shule ikifungwa, watoto watashinda hapa mlangoni pako, pana kivuli kizuri." Akawaita waje wapaone.

Wakaja wakiimba, wakarukaruka juu ya shimo, wakamwomba miiba ya kuchezea.

Jua halijafika utosini, Nungunungu yuko mstarini, macho mekundu. "Kopeni! Tena wekeni ghorofa, na mlango wenye komeo!"