Usukani wa Shamte

Tangu Shamte alipopooza upande mmoja, gari lake halikutoka tena uani. Hata hivyo, kila Ijumaa alimtuma mkewe, Zuhra, akausafishe usukani. Ijumaa hii Zuhra alifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, kisha akaipaka ngozi ya usukani mafuta, akiisugua taratibu mpaka ikalainika.

“Umemaliza?” Shamte aliita kutoka dirishani.

“Bado, Baba Nasra.”

“Na usikalie kiti changu! Simama nje, uiname.”

Mgongo ulikuwa ukimuuma. Zuhra akaketi, akafunga mlango. Akatia ufunguo aliofungulia mlango, akauzungusha, injini ikanguruma, kuku wakatawanyika.

“Zuhra! Wewe hujui kuendesha!”

Kweli, hakujua. Aliushika usukani kwa mikono miwili inayoteleza kwa mafuta, akalikodolea macho geti lililofungwa.