Mkate wa Mdogo Wangu

Mwenyekiti wa kamati ya kanisa alikuwa ameshasema, "Haya, tupige kura tumdhamini kijana wa watu aje Kanada," yaani mdogo wangu, Marlys alipoinua kidole.

"Samahani, kuna jambo hamlijui. Huyo mdogo wake aliwaokea mkate wanamgambo. Mwaka mzima."

Niligeuka kumtazama. Hilo nilimwambia mimi, jikoni kwake, siku niliyomfundisha kukanda unga kama kwetu Aleppo, Syria. Nilimwambia kwa sababu alikuwa akiniita mwanangu.

"Walimjia na bunduki," nikasema. "Wewe ungewaambia mkate umekwisha?"

"Usinichukie, mwanangu. Nina wajukuu hapa."

"Sasa hii ni haki kweli?" akanung'unika mpiga kinanda. "Mwokaji tumhukumu kwa kuoka?"

"Mimi nimesema tu tujue tunamleta nani."

Mwenyekiti akaomba wanaokataa wanyooshe mikono. Mkono wa Marlys ulitangulia. Vidole vyake vilikuwa bado na ufuta wa mkate niliowaletea, mkate wa mdogo wangu, kwa vipimo alivyonipa kwa simu. Mikono mingine ikafuata polepole, na mwisho hata wa mpiga kinanda.

Watu walipoanza kuvaa makoti, Marlys alikuja mezani akavitazama vipande vilivyobaki.

"Naomba nimpelekee mzee wangu nyumbani. Anaupenda sana huu."

Nikachukua karatasi nikamfungia, kama mdogo wangu alivyowafungia wale wa bunduki.